Kisima cha wazi uani

Jana nimeenda kuangalia nyumba ya kupanga Ujiji, dalali anasifia tu mara marumaru mara maji hayakatiki, nikazunguka uani nakuta kisima kimefunikwa bati la kutu limekandamizwa na matofali mawili, na mwanangu ana miaka 3! Moyo ukanipiga paa. Nikamwambia mama mwenye nyumba, shikamoo mama, naomba hapa pawekwe mfuniko wa zege wenye kufuli kwanza ndo nilipe kodi. Dada yangu yuko Brisbane, Australia, anasema kule nyumba yenye bwawa la kuogelea hupangishi bila cheti cha usalama, uzio usipungue sentimita 120 na geti lijifunge lenyewe. Sisi hata mfuniko jamani? Mama kakubali, fundi anaanza Jumatatu.