Tairi gani niweke kwenye MT-09 kwa barabara zetu hizi

Tairi ya nyuma ya pikipiki yangu, Yamaha MT-09, imekwisha. Imekwisha katikati tu, ukichuchumaa nyuma yake unaiona imekaa bapa kabisa wakati pembeni mpira bado upo na mifereji bado ina kina. Fundi wangu aliipapasa akasema "kaka hii bado inatembea, waya hazijatoka", nikamwambia asante fundi, ila kwa mashine ya farasi 115 na mama watoto amekaa nyuma mimi siwezi kusubiri waya. Sasa kwa vile nimezunguka sana kutafuta tairi na wadau wanaulizia nimeweka nini, acha niandike yote hapa.

Tuanze na huo ubapa. Sisi wa Dar safari zetu nyingi ni kunyoosha tu, kutoka mjini mpaka Moro ni kilomita kama 190 na pikipiki imesimama wima karibu njia nzima, kwa hiyo unakula ukanda mwembamba wa katikati, tena kwenye lami ya moto. Tairi ikishakuwa bapa inajitengenezea ukingo pale ubapa unapoishia, ndo maana ukifika Kitonga au ukianza kupanda Lushoto kutokea Mombo pikipiki inagoma kulala kidogo halafu ghafla inadondokea ndani ya kona. Wengi wanaenda kuhangaika na shokapu. Angalia tairi kwanza!

Halafu hii ya kusema "mifereji bado ipo". Pembeni ya tairi tafuta herufi TWI, alama ya ukomo wa kulika, fuata usawa wake mpaka ndani ya mfereji utakuta kinundu kidogo cha mpira, kwenye pikipiki kile kinundu mara nyingi ni milimita 0.8 tu. Uingereza sheria inataka 1, Ujerumani inataka 1.6. Kwa hiyo ukisubiri mpira ulingane na kinundu ujue umeshapitiliza, na masika ikikukuta hivyo, lori likapita mbele yako na maji yamesimama barabarani, hakuna kitu kinachoyatoa yale maji chini ya tairi.

Saizi usibuni. Ya kwangu mbele ni 120/70 ZR17 yenye 58W, nyuma 180/55 ZR17 yenye 73W. Ile 55 maana yake kimo cha ukuta wa tairi ni asilimia 55 ya upana, ambao ni ile 180, yaani milimita 99. 73 ni namba ya uzito ambao tairi inaweza kubeba, kilo 365, na 58 ni kilo 236. W ni kasi mpaka kilomita 270 kwa saa. Najua mtu atasema nani anakimbia 270 Tanzania hii na matochi yote yale, lakini siyo habari ya kukimbia, herufi ile inakuambia tairi imejengwa kuhimili joto kiasi gani, na joto ndo linaloua tairi. Mchana wa saa nane Chalinze, watu wawili, mabegi, upepo umepungua kidogo, hapo ndo unaihitaji hiyo W hata ukiwa kwenye 100.

Kuna mtindo nauona sana, watu wanaweka 190 kwenye ringi ya inchi 5.5 ili nyuma ionekane nene. Mimi siwezi kumshauri mtu hivyo. Ringi ya 5.5 ni ya 180, ukibananisha 190 mule tairi inavimba katikati na kubadilika umbo ambalo mtengenezaji alilikusudia, pikipiki inakuwa nzito kugeuza, na ukiweka 190/55 umeinua na nyuma pia. MT-09 raha yake yote ni wepesi wa kugeuka, unaununua wepesi kwa pesa nyingi halafu unautupa kwa ajili ya picha?

Sasa aina. Hapa ndo kuna ubishi. Kuna tairi za sport kali kama Diablo Supercorsa, zinashika barabara kweli kweli, lakini zile zimetengenezwa kwa mtu anayezunguka saketi, zinataka zipate moto ndo zishike, mifereji yake michache kwa hiyo mvua siyo rafiki, na mpira wake laini utaumaliza kwenye kunyoosha kwa Chalinze ndani ya kilomita elfu chache. Jamaa wananiambia "Dar joto lipo, zitapata moto zenyewe". Lami kuwa moto ni kitu kimoja, tairi kupata moto wa kazi ni kitu kingine, ule unatokana na kuivuta na kuipigia breki na kuilaza kona baada ya kona, na sisi kona zenyewe za kutafuta. Halafu fikiria unatoka Iringa saa kumi na mbili asubuhi na ile baridi.

Kwa matumizi yangu mimi naona jibu ni sport touring, yaani tairi za safari ndefu ambazo kwenye kona bado zinashika. Michelin Road 6, Pirelli Angel GT II, Metzeler Roadtec, Bridgestone T32, Dunlop RoadSmart, Continental RoadAttack 4, zote hizi ziko kwenye hilo kundi na hakuna hata moja ambayo ni mbaya. Kinachonivutia ni kwamba nyingi za nyuma zina mpira wa aina mbili, katikati mgumu zaidi wa kuvumilia kunyoosha, pembeni laini wa kushika ukilala, na mpira wao una silika nyingi (silica, unga unaochanganywa kwenye mpira) ambayo inausaidia kushika hata lami ikiwa na maji au baridi. Continental wao wana njia yao, mpira ni wa aina moja ila wanaupika kwa joto tofauti tofauti ili katikati uwe mgumu na pembeni laini, na uso wa tairi yao mpya hauna ule utelezi wa kiwandani.

Mimi nimechukua Road 6. Imetoka 2022, na sababu kubwa ni mvua, ile mifereji yake kwa ndani ni mipana zaidi kwa hiyo tairi ikilika bado ina pa kupitishia maji. Angalieni tu msiuziwe toleo la GT, lile limeandikwa kabisa GT na ni kwa pikipiki nzito za safari, ukuta wake mgumu zaidi, kwenye pikipiki nyepesi kama hii huna kazi nalo. Kariakoo imejaa 2.75-18 na 3.00-18 za bodaboda, hizi za kwetu mara nyingi ni za kuagiza au umpate mtu anayeleta chache chache, na hapo muuzaji anajua huna pa kwenda kwa hiyo kuwa makini.

Kuwa makini na nini? Na tarehe! Pembeni ya tairi mwisho wa maandishi ya DOT kuna tarakimu nne, mfano 3522, hiyo ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Omba upigiwe picha ya hizo tarakimu kabla hujatuma hela, tairi zote mbili. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo, na stoo zetu ni kontena la bati juani. Michelin wenyewe wanasema ikifika miaka 5 ikaguliwe kila mwaka na 10 itolewe hata kama inaonekana mpya. Tairi yenye jina la kawaida iliyotengenezwa mwaka jana naichukua kabla ya yenye jina kubwa iliyolala miaka sita. Na za mtumba hapana kabisa, huwezi kujua ndani imezibwa wapi.

Mbele nimebadilisha pia japo bado ilikuwa na maisha. Watengenezaji wanazijaribu kama jozi, na nyuma mpya ya duara na mbele iliyochongoka vibaya ni pikipiki mbili zinazogombana. Kama hela haitoshi fanya nyuma leo, ila ya mbele iwe ya jamii ile ile.

Kufunga, tafuta fundi mwenye mashine, za kupigwa na vyuma zinakwaruza ringi na upepo utakuwa unavuja taratibu. Mshale wa mzunguko uangalie mwenyewe, mbele na nyuma, halafu balansi ifanyike kabla hazijarudi kwenye pikipiki. Kilomita kama 100 za kwanza usilale nazo wala kufungua mafuta ghafla, uso mpya unateleza.

Upepo ni PSI 36 mbele na 42 nyuma, unapimwa asubuhi tairi zikiwa za baridi, kwa geji yako. Ukishatembea namba inapanda yenyewe, usiipunguze. Wapo wanaoshusha mpaka 30 eti zishike zaidi, tairi inajikunja sana, inachemka na kulika pembeni, na ukikutana na shimo ringi ndo inapokea.

Kama kuna mdau amefunga RoadAttack 4 na anatembelea nyanda za juu huko Mbeya, Njombe, Makete, aniandikie, nataka sana kujua inashikaje asubuhi lami ikiwa na umande.