Aitwe nani kwenye kikao cha mtoto mgonjwa

Mtoto akilazwa Muhimbili, Upanga, jijini Dar es Salaam, kwa saratani, moyo au selimundu iliyomzidia, anayelala naye wodini mara nyingi ni mama. Wenye sauti wako kwingine: baba yuko kazini Mbagala, babu yuko Kigoma, na hela ya vipimo inatoka kwa baba mkubwa. Ushauri nasaha ukiishia kwa mama, yeye ndiye atakayewaelewesha hao wote kwa simu, usiku, hajala wala hajalala. Hapo ndipo matibabu mengi yanapokatikia.

Kwa hiyo kikao cha ndugu kifanyike mapema, wiki ya kwanza au ya pili baada ya majibu kutoka. Kwanza muulize mama akiwa peke yake: nani akikataa, mtoto anatolewa hospitali? Huyo ndiye wa kuitwa kabla ya wengine. Aliye mkoani awekwe kwenye spika ya simu. Watu watano au sita wanatosha, na saa nzima ni ndefu mno. Daktari aongee, aulizwe, aondoke. Afisa ustawi wa jamii na mshauri wabaki, maana maswali yenyewe hasa huja daktari akishatoka.

Usianze kueleza. Anza kwa kuuliza, "Nyumbani mnasemaje kuhusu ugonjwa huu?" Aanze mkubwa wao kwa umri. Yatatoka mambo ambayo hayamo kwenye faili: kwamba mtoto karogwa, kwamba maji ya mgongo yakitolewa atapooza, kwamba ugonjwa umetoka ukoo wa mama. Yajibiwe moja moja, bila kumcheka mtu. Sindano ya mgongoni huingia chini ya pale uti wenyewe unapoishia. Selimundu haiji kwa upande mmoja: mtoto hurithi kwa baba na kwa mama, na wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani wana kinasaba chake bila wenyewe kuugua, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mwenye ugonjwa. Maneno haya yasemwe mbele ya wakwe. Mama akiyasema mwenyewe ataonekana anajitetea.

Hatari nyingine ni nafuu. Uvimbe wa Burkitt, ule wa taya au tumbo, unaweza kunywea ndani ya siku chache tu za dawa. Wazee wanamwona mtoto anakula ugali, wanasema amepona, arudi nyumbani. Saratani bado imo mwilini, na ikirudi huwa ngumu zaidi kuitibu. Waambiwe mapema: uvimbe utapotea, na dawa zitaendelea hivyo hivyo.

Kabla ya kuachana, ndugu wakubaliane maneno ya kumwambia mtoto, na wote wayatumie hayo hayo. Mfano: "Una ugonjwa wa damu unaoitwa saratani. Hukuupata kwa kukosea. Dawa zitakuchosha na nywele zitatoka, kisha zitaota tena." Sentensi ya pili isirukwe kamwe. Mtoto mdogo huamini anaumwa kwa sababu alikula udongo au alimpiga mdogo wake, na hatamwambia mtu. Nywele nazo zitajwe kabla hazijaanza kutoka, yaani katika wiki mbili za mwanzo wa dawa.

Tunaumia sana tukisikia "twende tukanunue juisi" halafu mlango unaofunguliwa ni wa chumba cha sindano. Safari ijayo mtoto huyo hatoki kitandani na mtu yeyote, hata kwa juisi ya kweli. Wa miaka mitatu aambiwe dakika chache kabla, wa miaka minane aambiwe jana yake. Usimwambie haiumi, mwambie itauma kidogo, itaisha, na mimi nitakuwa hapa. Krimu ya ganzi, kama ipo, ipakwe dakika 60 kabla. Wakati wa kuwekwa kanula, yaani mrija mdogo wa dawa kwenye mshipa, badala ya watu wanne kumkandamiza kitandani, mzazi ampakate kifua kwa kifua, mkono mmoja ukiwa huru kwa nesi, huku mtoto akipuliza povu la sabuni. Kazi hii apewe baba. Akina baba wengi husimama koridoni kwa kuwa hakuna aliyewaambia wafanye nini.

Swali gumu kuliko yote huja usiku: "Mama, nitakufa?" Usimnyamazishe, wala usimwahidi kupona. Muulize amesikia nini. Pengine kitanda cha jirani kimebaki kitupu tangu asubuhi na watu wazima wote wamekaa kimya. Mwambie ukweli kuhusu mwenzake kwa maneno machache, kisha mwambie yeye anapewa dawa gani na nani yuko naye.

Walioachwa nyumbani waambiwe kwamba ugonjwa huu hauambukizi, na wapige simu ya video kila jioni.

Kabla ya mtoto kuruhusiwa, kaeni tena, hata robo saa. Aliye kwenye dawa za saratani akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, ni kurudi hospitali saa hiyo hiyo. Panadol isitumike kusubirishia asubuhi. Kwa hiyo nyumbani kuwe na kipimajoto, na ndugu wamtaje kwa jina atakayekaa na nauli ya usiku, na nani atashika zamu akiwa safarini.