Nilidhani paka kafunga choo

Jamani nyie mnaoishi peke yenu huku ughaibuni na mkajichukulia paka ili nyumba isiwe kimya sana, hii nawaandikia nyie, manake mi wangu nilikaribia kumuua na wala sikuwa namnyima kitu, anakula vizuri, analala kitandani kwangu, ila kumbe nilikuwa simjui.

Wangu ni dume, kahasiwa, ana kitambi kidogo, wakati huo alikuwa na miaka 4. Siku hiyo natoka zamu ya jioni nakuta yuko kwenye beseni lake la mchanga kachuchumaa, anajikamua. Nikasema ah, huyu kafunga choo. Akatoka, akajilamba kule chini, akarudi tena akachuchumaa, hakuna kitu, akatoka, akarudi, mara tano ndani ya nusu saa. Nikaingia Google nikatafuta dawa ya choo kigumu kwa paka, nikasoma sijui mafuta sijui nini, nikamkanda tumbo kidogo nikalala zangu, nina usingizi wa kufa.

Saa kumi alfajiri nikaamshwa na sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nzito, inatokea tumboni, kama mtu mzima anaita mtu. Nikawasha taa nikaenda kwenye beseni. Mchanga wote mkavu, isipokuwa kitone kimoja cha pinki, ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Nikamgusa tumbo, kuna kitu cha mviringo kigumu kama mpira wa tenisi, na nilivyokigusa tu akanichana mkono, paka ambaye hajawahi kunikwaruza hata siku moja. Hapo ndo nikaelewa kwamba shida haikuwa choo, alikuwa hakojoi.

Nikapiga namba ya dharura ya daktari wa wanyama, na lugha yenyewe ya hapa mi naongea ya kuungaunga, usiku ule hata neno la mkojo likanipotea, nikaishia kusema maji hayatoki, maji ya paka hayatoki. Yule dada wa kwenye simu akaniuliza swali moja tu, dume au jike? Dume. Akasema njoo sasa hivi, usisubiri kukuche.

Baadaye daktari alinieleza vizuri na mi nawapa kama nilivyoelewa. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana, na inavyokaribia mwisho ndo inazidi kubana, kwa hiyo vichangachanga vya kwenye mkojo, au ute tu, vinatosha kuziba. Ikiziba mkojo unarudi nyuma, figo zinashindwa kusafisha damu, potasiamu inapanda mpaka moyo unaweza kusimama, na hayo yote ni ndani ya siku moja au mbili tu, sio wiki. Jike naye anaugua kibofu, anakojoa kidogokidogo, anatoa damu, ila kuziba kabisa ni nadra. Ndo maana lile swali la dume au jike.

Wakamlaza usingizi, wakamwekea mpira wa mkojo, wakamtundikia dripu, akalazwa siku tatu. Dada yangu nilipompigia akacheka mpaka akakosa pumzi, eti umevuka bahari kwenda kuuguza paka. Sawa, acheke.

Kitu kilichonishangaza, mi nilitegemea nitapewa antibayotiki, daktari akasema hapana, kwa paka ambaye hajazeeka mara nyingi hakuna hata bakteria kwenye kibofu, kinavimba tu, na sababu kubwa mojawapo ni msongo. Akaniuliza kuna nini kimebadilika nyumbani? Nikajibu hakuna. Halafu nikakumbuka tulikuwa tumehama nyumba wiki mbili nyuma. Yani mi mwenyewe ambaye kuhama kumenitoa jasho maisha yangu yote, sikuwahi kufikiria kwamba na yeye kahama.

Tangu hapo anakula chakula cha kopo badala ya kile kikavu, manake cha kopo kina maji karibu asilimia 80 na kile kikavu ni kama asilimia 10 tu, na paka kwa asili sio mnywaji. Maji nimeweka bakuli vyumba vitatu, mbali na chakula, na beseni la mchanga sasa yako mawili.

Sasa hilo beseni ndo nataka tuliongelee, manake watu wengi wanalizoa huku wameziba pua na kuangalia pembeni. Mi siku hizi nahesabu mabonge, yani mchanga ulioganda kwa mkojo. Yakiwa madogo madogo mengi, au anaenda mara kwa mara hatoi kitu, ni kibofu, na kama ni dume usingoje. Yakiwa makubwa na mengi kuliko kawaida, na bakuli la maji linaisha haraka, hapo fikiria figo, kisukari, au ile tezi ya shingoni, hasa kwa paka aliyevuka miaka 10. Hiyo ya tezi inadanganya sana watu, manake paka anakula kwa fujo, anakimbiakimbia usiku, analia, mwenye paka anafurahi mzee karudia ujana, kumbe anakonda chini ya manyoya. Zote tatu zinajulikana kwa kipimo cha damu na mkojo, na zikiwahiwa paka anaishi miaka tu, tezi ina vidonge, kisukari anachomwa insulini mara mbili kwa siku (ndio, unamchoma mwenyewe, sindano ni nyembamba hata hashtuki), figo haziponi ila chakula chake maalumu kinazipunguzia kazi.

Kukonda pia usikuangalie kwa macho. Panda mzani umembeba, halafu panda peke yako, toa. Paka wa kilo 5 akipungua nusu kilo ni sawa na mtu wa kilo 70 kupungua 7, na kwa macho wala hutaona kitu.

Tunapenda kusema fulani ana roho ya paka, hafi ovyo. Mi naona paka anaficha tu. Akiumwa anaingia chini ya kitanda, anaacha kujilamba manyoya yanakuwa machafu, haruki tena dirishani, na sisi tunasema kawa mvivu. Asipokula siku nzima piga simu, na kama ni mnene ndo uwahi zaidi, manake paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula mafuta ya mwili yanakimbilia kwenye ini linazidiwa, anaanza kuwa na njano kwenye fizi na masikio. Kama hali kwa sababu ya mafua, anapiga chafya, macho yana tongotongo, jaribu kupasha chakula kiwe vuguvugu, shida yake ni kwamba hasikii harufu, na paka asiposikia harufu hali kabisa.

Na hapa nikiri jambo. Usiku ule, kabla sijalala, nilishika Panadol mkononi nikawaza nimpe nusu, maumivu yapungue. Namshukuru Mungu kwa uvivu wangu. Ini la paka haliwezi kabisa kuisaga hiyo dawa, damu inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinakuwa za kahawia, uso na miguu vinavimba, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Hizo za maumivu nyingine za kwetu binadamu nazo usimpe. Dawa ya viroboto ya mbwa vilevile, zile za matone ya mgongoni nyingi zina pemethrini, mbwa haimdhuru, paka anatetemeka mpaka degedege. Na maua ya lili, hata ukiletewa na mtu unayempenda, yatoe nje, manake ile poda ya njano ikimwangukia akajilamba, au akanywa maji ya chombo chake, figo zinakufa ndani ya siku tatu. Akigusa chochote kati ya hivyo usikae kusubiri dalili.

Viroboto vyenyewe, hata paka asiyetoka nje anapata, tunavileta sisi kwa nguo. Mchane juu ya tishu nyeupe, ukiona vumbi jeusi lidondoshee maji, likigeuka jekundu ni kinyesi cha kiroboto, yani damu ya paka wako. Na ukitibu paka peke yake umecheza, mayai yako kwenye kapeti na kwenye shuka lako, piga vakyumu na ufue kwa maji ya moto. Ukiona vitu kama punje za mchele karibu na mkia hao ni tegu, wanaletwa na hao hao viroboto, kwa hiyo dawa ya minyoo bila dawa ya viroboto ni kazi bure. Uchafu mweusi masikioni kama machicha ya kahawa ni utitiri, usichokonoe na pamba, nenda upewe matone.

Ah na kupumua. Akiwa kalala fofofo hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja, isizidi 30. Na paka anayehema mdomo wazi kama mbwa wakati hajakimbia, huyo ni wa kubebwa muda huo huo.

Wangu sasa ana miaka 7. Juzi asubuhi nazoa mchanga nikakuta mabonge matatu makubwa, ya kawaida kabisa, nikafurahi nikampigia dada nimwambie paka kakojoa vizuri. Akakata simu.