Nilivyoyapata makundi ya ndege msitu wa Amani

Wanaokwambia ukitaka kuona ndege wa msituni tembea sana, usiwasikilize. Kule Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, unaweza kutembea asubuhi nzima husikii kitu, mara miti ya mbele yako ikajaa ndege wa kila aina: chozi, shore, kigogota, kwera. Dakika chache tu, kimya. Hao hutembea pamoja kwa sababu macho mengi humwona kipanga mapema, na anayepekua majani huwafurusha wadudu ambao mwenzake huwadaka.

Ushauri mbaya zaidi niliopewa ni kulifuata kundi. Jaribu uone! Mteremko ni matope na mizizi mitupu. Ukitazama unapokanyaga, wameshavuka korongo. Ukiinua darubini, unaambulia mikia. Halafu ndege wanaofukuzwa hutawanyika, basi umewaharibia na wao.

Kilichonifaa ni mramba wa msituni, yule mweusi mwenye macho mekundu. Ana kelele, na hukaa wima kwenye kitawi kitupu akivizia wadudu wanaofurushwa na wenzake. Nikimsikia simwendei. Naangalia anarukia upande gani, kisha nazunguka kwa njia hadi mbele ya kundi, sehemu ya juu ya mteremko, naegemea mti natulia. Hapo ndipo mlima unapokulipa: vilele vya miti iliyoota bondeni vinakuwa usawa wa macho yako. Chozi wa Amani, ambaye wengi huumia shingo wakimtafuta juu, mimi nilimwona nikiwa nimesimama wima kabisa, kichwa cheusi chenye mng'ao wa kijani, tumbo jeupe, akining'inia kwenye ua. Nilifurahi mno!

Darubini chukua ya kukuza mara 8. Za mara 12 hutetemeka mkononi, na msituni mwanga ni hafifu. Yangu ni ya mtumba, laki na ushee. Mwongozaji mlipe vizuri, maana masikio yake ndiyo unayoyanunua. Daftari liache begini. Nong'oneza majina kwenye simu, macho yabaki mitini.

Mimi huwapata zaidi kuanzia saa tatu, ukungu ukishapanda. Na kundi likipita usiondoke haraka, kwani shore wa vichakani mara nyingi hufika nyuma ya wenzao.