Simba Anaomba Nje

Huku San Diego mbwa wana bima, wana madaktari wao, na kwenye jengo letu wana kodi yao ya mwezi juu ya kodi ya nyumba. Hayo nilishayazoea. Hili la mbwa kuwekewa vitufe vya kusemea ndilo lililonishinda kulimeza, na sasa na sisi tunaye mmoja sebuleni. Anaitwa Simba. Mtu wa Moshi ukimpa mbwa jina lingine ndugu watakuuliza umepatwa na nini.

Vitufe ni vya plastiki. Kila kimoja unakirekodi neno moja kwa sauti yako, unakipachika kwenye mkeka wa vipande vya pembe sita, na ukishakiweka mahali hukihamishi ili mbwa akumbuke kilipo. Kufundisha hakuna mazingaombwe. Kila unapomtoa unabonyeza "nje", unatamka "nje", ndipo unafungua mlango. Humshiki mguu kumlazimisha. Watoto wanachoka, wewe unachoka, kisha siku moja anapita mwenyewe anakikanyaga na kukutazama. Wenye uzoefu wanashauri usianze na "chakula", na wana haki. Mbwa akishakijua hicho, vingine vyote atavifanyia nini?

Aliyelivumisha jambo hili ni Christina Hunger, mtaalamu wa kusaidia watoto wenye shida ya kuzungumza. Kazini alikuwa na vifaa vinavyotamka neno ambalo mtoto amegusa. Mwaka 2018 akapata mtoto wa mbwa, Stella, akaona ajaribu njia ileile nyumbani. Baadaye akaja Bunny, mbwa wa Alexis Devine wa jimbo la Washington, TikTok ikamaliza kazi. Kuna waliomtazama Bunny mbele ya kioo wakasema anajiuliza yeye ni nani. Hapo mimi nashuka. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita Berlin kulikuwa na farasi Hans aliyesifiwa kwa kupiga hesabu kwa kwato, mpaka mwaka 1907 Oskar Pfungst alipoonyesha kwamba farasi alikuwa akisoma mwili wa muulizaji: jibu likifika, mtu anajilegeza bila kujua, Hans anaacha kugonga.

Chuo Kikuu cha California cha mjini kwetu kimelifuatilia suala hili kwa makini, chini ya Federico Rossano. Mwaka 2024 timu yake ilitoa jaribio la mbwa 59. Walipobonyezewa au kutamkiwa "nje" na "cheza", walifanya yanayoendana na neno, hata aliyebonyeza akiwa mgeni. Mwaka huohuo wakatoa uchambuzi wa mbwa 152 kwa miezi 21, wenye mibonyezo zaidi ya 195,000 ya mbwa wenyewe. Baadhi ya vitufe vilifuatana kwa namna ambayo bahati nasibu haiielezi, kama "nje" na "haja". Kilichonichekesha ni "nakupenda". Wenye mbwa wanakibonyeza kuliko mbwa wao.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: Simba haongei, anaomba. Kuomba kwenyewe anakujua vizuri.

Tulirekodi kwa Kiswahili, sauti ya binti yetu, maana ndicho tunachoongea ndani. Mama yangu alipiga simu ya video kutoka Marangu mchana mmoja, akasikia sauti ya mjukuu wake nyuma yangu: "Nje! Nje!" Akakunja uso.

"Mfungulie mtoto mlango, jamani. Unamfungia kwa nini?"

Nikamwambia mtoto yuko shule. Nikageuza simu, akamwona Simba amesimama mkekani, mguu juu ya kitufe. Kimya kikawa kirefu, nikadhani mtandao umekata.

"Mwanangu," akasema, "kwani mbwa wa huko hakwaruzi mlango?"

Swali zuri. Nyumbani mbwa wetu hakuhitaji hata kukwaruza. Alilala uani, alikula makombo ya ugali, akitaka kwenda anakwenda, akirudi amerudi. Hapa tuko ghorofa ya nne. Mlango umefungwa kutwa, mbwa hatoki bila kamba na bila mtu wa kumshika, na huyo mtu lazima awe na mfuko mkononi wa kuzolea anachoacha mbwa njiani. Simba hana anachoweza kujifanyia mwenyewe, hata haja. Kukwaruza angekwaruza, lakini mke wangu akiwa jikoni na mashine ya kufulia inanguruma, hasikii kucha. Sauti ya bintiye anaisikia.

Mama alisikiliza yote hayo akauliza huyo mbwa anakula nini. Nikabadilisha mada, maana bei ya chakula chake si ya kumtajia mtu wa Marangu.

Tatizo lililobaki ni usiku. Simba akiamka saa tisa anaomba nje, anaomba cheza, anarudia nje, na jengo zima limelala. Mke wangu anasema kumwondolea mkeka ni kumziba mdomo. Mimi naingia zamu saa kumi na moja alfajiri. Kwa sasa mkeka unalala juu ya friji, na mazungumzo yanaendelea.