Mguu wa Champollion

Nikitoka zamu ya usiku huwa nateremka rue des Écoles kwa miguu, maana nauli nayo ni hela. Hapo uani mwa Collège de France, Paris, pana sanamu ya marumaru ya Champollion, Mfaransa aliyefumbua maandishi ya kale ya Misri. Kashika kidevu, kazama kwenye fikra, na mguu mmoja kaupandisha juu ya kichwa cha firauni. Mchongaji ni Bartholdi, yuleyule wa Sanamu ya Uhuru ya New York. Nimepita hapo karibu mwaka mzima bila kuuona huo mguu, hadi mwenzangu wa kazini, Mkopti, yaani Mkristo wa Misri, mtu wa Minya, aliponishika mkono: "Hebu tazama kakanyaga nini."

Kwetu anayeshindwa kutegua kitendawili ndiye anayetoa mji. Hapa kilichokanyagwa ni kitendawili chenyewe.

Napoleon Bonaparte, jenerali wa Ufaransa, aling'oa nanga Toulon Mei 1798 kwenda kuivamia Misri, na pamoja na jeshi akachukua wataalamu wapatao 160. Agosti mosi Nelson, amiri wa Kiingereza, akaziteketeza merikebu zao Abu Qir, wakakwama Misri. Waliokwama wakafanya kazi, lazima tuseme. Monge, mwanahisabati, alieleza mazigazi yaliyokuwa yakiwahadaa askari wenye kiu. Berthollet, mwanakemia, kwenye maziwa ya Wadi Natrun, aliona chumvi na mawe ya chokaa vikizaa magadi, kinyume kabisa cha alichokijua maabara. Kumbe mabadiliko ya kikemia huweza kurudi nyuma. Magadi hayahaya tunayotia kwenye maharage!

Al-Jabarti, mwanachuoni wa Kairo, aliingia maktaba yao akastaajabu. Kalamu yake hiyohiyo ikaandika jinsi, baada ya watu kuasi Oktoba, askari walivyoingia msikiti wa al-Azhar na farasi wao.

Jiwe la Rashid, lenye maandishi ya kale ya Misri pamoja na Kiyunani, walilipata 1799, na waliposalimu amri 1801 Mwingereza akalibeba. Mji akapewa mtu wa tatu. Champollion alitumia nakala tu, na mwaka 1822 akafungua maandishi yale kwa msaada mkubwa wa Kikopti, lugha ambayo mwenzangu huisikia kanisani tangu utotoni. Ufunguo ulikuwa vinywani mwa watu wa Misri wenyewe, na mguu bado uko pale kichwani.

Mimi mtu wa Unguja nilidhani hayo hayanihusu. Kumbe Januari 1799 Bonaparte alimwandikia mtawala wa Maskati, Sultan bin Ahmad, na ndani akatia barua ya kupelekewa Tipu Sultan, mfalme wa Mysore huko India. Waingereza wakaidaka njiani. Huyo mtawala wa Maskati ndiye baba yake Seyyid Said, aliyekuja kuhamishia makao yake Unguja.

Nilimsimulia mwenzangu tukiwa tunasubiri metro. Akacheka hadi akakohoa.

"Bahati yenu barua haikufika. Mngechongewa sanamu na nyinyi."