Mzee aliyeuliza jimbo

Juzi binti yangu kaniuliza albamu bora ya Bongo Fleva ya muda wote ni ipi, maana shuleni kwao wamebishana mpaka wakanuniana. Nikajibu hapo hapo, Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, 2001. Akasema sawa baba, kwa nini? Basi ikanirudia ile Jumamosi ya saluni kule Magomeni, mwaka ule ule kaseti ilipotoka.

Ubishi ulikuwa wa moto. Jamaa wa rapa Mr II walisema bila albamu yake Niite Mr. II ya 1998 hamna cha kuongea, wimbo wa Hali Halisi ndo ulifanya hadi watu wazima waache kuona rap ni uhuni wa vijana. Mwingine akataja Machozi ya Lady Jaydee akazomewa kabla hajamaliza, na mpaka leo naona hakutendewa haki, ile albamu inastahili kabisa. Mimi hoja yangu ilikuwa moja: kaseti huwezi kuruka ruka nyimbo, ukizidisha kupeleka mbele mkanda unachoka, kwa hiyo albamu kali ni ile unayoiacha iende yenyewe toka upande wa kwanza mpaka wa pili.

Fundi kinyozi akaiweka ya Professor Jay tuhakikishe. Ikafika wimbo wa Ndio Mzee, mgombea anamwaga ahadi, wanafunzi atawapeleka mwezini kwa praktiko, umati unaitikia ndio mzee! Sasa kwenye benchi alikuwepo mzee mmoja, baraghashia kaiweka pajani, muda wote hajatia neno. Akainama mbele, kiganja nyuma ya sikio.

"Wanangu, huyu anagombea jimbo gani?"

Fundi akazima mashine, kichwa cha mteja kimebaki nusu. Hakuna aliyecheka. Uchaguzi ulikuwa umepita mwaka mmoja tu.

"Huo ni muziki, mzee wangu."

"Muziki? Hebu rudisha nyuma."

Akasikiliza tena yote, macho kwenye redio, midomo ikicheza kila umati ulipoitikia. Ulipoisha akasema taratibu, "Kwetu walikuja hivi hivi. Na sisi tuliitikia hivi hivi." Mi nikaona ubishi nimeshinda, yani mtu mzima asiyejua rap ni nini kajisikia mwenyewe humo ndani.

Ila hakuwa amemaliza. "Na Marijani mmemweka wapi?"

Tukamweleza kwamba tunahesabu albamu, mzee. Akatutazama mmoja mmoja. "Marijani Rajabu, mwimbaji wa dansi, tulimsikia Redio Tanzania, wimbo mmoja mmoja, nchi nzima inaimba. Sasa mpaka awe na kaseti yenye picha ndo mumhesabu?"

Fundi akawasha mashine, ubishi ukahamia kwenye mpira.

Miaka ikaenda, 2010 Mr II akawa mbunge wa Mbeya Mjini, 2015 Professor Jay naye akachukua Mikumi, na siku matokeo yanatangazwa nilimkumbuka yule mzee kabla ya kitu kingine chochote, swali lake limepata jibu.

La pili ndo bado. Binti nimempa Machozi, Jasho na Damu asikilize yote bila kuruka na sibadilishi neno, ila akisema sasa tuandike kumi bora, nikianza tu namuona Marijani yuko nje ya orodha kwa kosa la kusikika wimbo mmoja mmoja, na sijui nimuingize kwa kigezo gani.